Kushoto Kumefifia: Kisa cha Lenzi ya Zumu Niliyoiharibu kwa Mkono Wangu

Yule dada alirudi Jumanne saa nne asubuhi, wiki mbili baada ya kuichukua kamera yake. "Shikamoo fundi." Nikaitikia, nikamsogezea stuli. Hakukaa. Aliweka juu ya meza bahasha ya picha zilizokwisha safishwa, akachomoa moja. Ndugu wa pande mbili wamejipanga ukumbini Mbagala, maharusi katikati. Kulia wamesimama ndugu wa bibi harusi, na shanga zao shingoni unaweza kuzihesabu. Kushoto wako ndugu wa bwana harusi, nyuso zimelainika kama zilizopigwa kupitia kioo chenye mvuke. Mwisho kabisa wa mstari, kushoto, amekaa bibi yake bwana harusi, aliyetoka Newala kwa basi kuja kuishuhudia ndoa hiyo. Sura yake haisomeki.

"Kabla hujaifungua haikuwa hivi," akasema.

Alisema kweli, ila siku ile sikuwa tayari kukubali. Nilimwambia aniachie kamera hadi Jumamosi. Kisa hiki ninakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Kariakoo na kwingineko, kwa sababu kamera hizi ndogo zinarudi mezani kwetu kwa wingi, na kosa nililofanya ni rahisi mno kulifanya.

Kamera yenyewe ni ya mfukoni, megapikseli 12, na mbele ya lenzi imeandikwa 4.3–21.5 mm, 1:2.7–5.9. Simu zilizifukuza kamera za aina hii madukani, lakini miaka hii vijana wanazisaka kwenye mitumba kwa ajili ya flashi yake na zile rangi zake. Mteja wangu anapigia kicheni pati, sendofu na harusi ndogo. Ni kazi inayomlipia kodi ya chumba.

Mara ya kwanza aliileta kwa shida nyingine kabisa. Alikuwa amevuka na pantoni kwenda Kigamboni kupiga watu picha ufukweni, mchanga ukaingia. Ukiwasha, lenzi inatoka nusu, inalia krr-krr, inasimama, na skrini inaandika kwamba lenzi ina hitilafu. Wengi wakiuona ujumbe huo hudhani kioo kimekufa. Ujumbe huo hautazami kioo hata kidogo. Ndani kuna mota ndogo inayozungusha gia, na kwenye gia hizo kuna kijigurudumu chenye mapengo kinachopita kati ya kitaa na kihisi cha mwanga. Kila pengo likipita, kamera inahesabu moja. Hesabu isipofika inapotakiwa kwa muda uliopangwa, kamera inakata umeme wa mota ili meno ya gia yasikatike, kisha inaandika ujumbe ule. Punje moja ya mchanga kwenye mfereji ambamo lenzi inateleza inatosha kuivuruga hesabu.

Nilifungua, nikatoa mchanga kwa brashi laini, nikapaka grisi kiasi cha ncha ya sindano, nikafunga. Lenzi ikatoka na kuingia bila kelele.

Ningeishia hapo kisa hiki kisingekuwepo. Lakini nilipomulika mbele kwa tochi niliona ukungu kati ya kioo cha kwanza na cha pili, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, lenzi iliyofungiwa kabatini inaota ukungu kama mkate. Nikaona si vizuri kumrudishia mtoto wa watu kamera yenye ukungu. Nikabandua pete ya mbele yenye maandishi, nikakuta kioo cha kwanza kimekaa kwenye kiti chake cha plastiki, na ukingoni kina matone matatu ya gundi inayong'aa, yamepangwa kwa nafasi sawa. Niliyachukulia kuwa ni ya kuzuia kioo kisidondoke. Nikayakwangua kwa wembe. Kioo kikatoka, nikakisafisha kwa spiriti, nikakirudisha, nikatia matone matatu mapya. Kilikaa imara. Nikapiga picha moja ya ukuta, nikaitazama kwenye skrini ya nyuma, nikaiona safi, nikampigia simu aje. Skrini ya inchi tatu inaonyesha sehemu ndogo sana ya zile nukta milioni 12, kwa hiyo picha mbovu na picha nzima zinafanana hapo. Tangu siku hiyo kila kamera naitazamia kwenye kompyuta kabla haijatoka dukani.

Ili nieleweke lilipo kosa, inabidi niifungue lenzi hapa kwa maneno.

Kwa nje unaona mabomba mawili au matatu yanayoingiana, kama antena ya redio. Ndani kuna makundi matatu ya vioo. Kundi la mbele linatawanya mwanga. La pili linaukusanya, na ndilo linalobeba shata, yaani kile kilango kinachofungua na kufunga mwanga. La tatu mara nyingi ni kioo kimoja tu, karibu na kihisi cha picha (kile kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha), kinachosogezwa na kimota chake chenyewe ili kutafuta fokasi. Ukibonyeza zumu, kundi la pili linatembea kwenda mbele na picha inakua. Tatizo ni kwamba likitembea peke yake, taswira inahama kutoka kwenye kihisi. Kwa hiyo kundi la mbele nalo linasogea kufidia: linarudi nyuma kidogo, kisha linakwenda mbele tena. Njia hiyo iliyopinda imechongwa ndani ya bomba kama mfereji wa mshazari, na pini tatu za kundi zinateleza humo bomba likizunguka. Mimi huutazama mfereji ule kwa heshima. Kanuni nzima ya zumu imo humo, imeandikwa kwenye plastiki.

Halafu kuna suala la unene, na hapa ndipo wahandisi wanaposumbuka hasa. Lenzi ikifanya kazi inahitaji nafasi kati ya makundi. Kamera ikizimwa nafasi hiyo lazima ipotee, kila kundi libanane na mwenzake ndani ya mwili wenye unene wa milimita ishirini na kidogo. Njia zimekuwa nyingi. Mwaka 2002 Minolta walitoa DiMAGE X, ambamo mwanga ukiingia unakutana na prizimu inayoukunja kwa nyuzi 90, na zumu yote imelala wima ndani ya mwili, hakuna kinachochomoza nje. Mwaka 2003 Pentax walikuja na Optio S, unene milimita 20, ambayo ikizimwa kundi la katikati linatoka kwenye mstari na kuegeshwa pembeni ya wenzake, kisha ikiwashwa linarudi palepale. Fikiria hilo: kundi zima la vioo linaondoka mahali pake na kurudi, mara elfu na elfu, na kila likirudi lazima likae pale pale lilipokuwa. Mimi hadi leo nikiishika kamera ya namna ile naona kazi ya mikono yenye subira kubwa.

Kukaa pale pale maana yake nini kwa kamera ya huyu dada? Kihisi chake kina upana wa milimita 6.17 na kimo cha milimita 4.55. Gawanya upana huo kwa nukta 4,000 zilizopangwa kwa safu, kila nukta inapata takriban mikroni 1.5, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa tundu la kupitishia mwanga la f/2.7 (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo), ukikubali ufifi wa nukta mbili tu, taswira inaruhusiwa kuhama mbele au nyuma kama mikroni 8 hivi. Unywele wa kichwani una mikroni 70 kwa makadirio. Nami nilikuwa nimekitoa kioo na kukirudisha kwa kidole na jicho.

Basi nikaanza kupima, na nakiri nilianza na yale yatakayonitoa mimi kwenye lawama.

Kwanza ukuta. Nilibandika kurasa sita za gazeti zikajaza picha nzima, nikaweka kamera kwenye stendi, nikapima kwa uzi kutoka kwenye lenzi hadi kona ya kushoto na ya kulia mpaka urefu ukalingana, nikapiga kwa taima ili mkono usiitikise. Kushoto maandishi yamefifia. Nikaigeuza kamera kichwa chini miguu juu, nikapiga tena. Sasa herufi zimepinduka, lakini upande uliofifia kwenye picha ni uleule wa kushoto. Kama kosa lingekuwa la ukuta au la kusimama kwangu, ufifi ungehamia kulia. Ulikuwa ndani ya kamera.

Nikakishuku kihisi. Kikiinama kidogo, upande mmoja unakuwa karibu na lenzi kuliko mwingine. Kuna namna ya kukijua: elekeza fokasi kwenye upande mbovu. Kihisi kilichoinama kitakupa kushoto safi, na kulia kutafifia badala yake, kwa sababu fokasi bado ipo, imeinama tu. Niliweka kisanduku cha fokasi kushoto kabisa, nikapiga picha saba. Kushoto hakukunyooka hata katika moja.

Usiku nilipofunga fremu ya duka nilifanya kipimo cha tatu. Nilichukua karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, nikaitoboa kwa ncha ya sindano, nikaifunga juu ya tochi ya simu na kuiweka mwisho wa korido, kama mita tano. Giza totoro, nukta moja ya mwanga. Nikavuta zumu mpaka mwisho, nikawasha na zumu ya kidijitali juu yake, nikaunganisha kamera na televisheni kwa waya. Nukta nikaiweka katikati kabisa ya picha.

Katikati ya picha lenzi nzima haina sababu ya kupendelea upande wowote. Nukta inatakiwa kuwa duara. Ya kwangu ilikuwa na mkia, kama kimondo, mfinyu upande mmoja na umetawanyika upande wa pili, ukielekea kushoto. Mkia wa katikati unasema jambo moja tu: kuna kioo kilichotoka kwenye mstari wa wenzake. Nikakumbuka yale matone matatu.

Kiti cha kile kioo cha mbele hutengenezwa kikubwa kidogo kuliko kioo, kwa makusudi. Kiwandani kioo kinasukumwa huku na huku ndani ya kiti chake wakati taswira inatazamwa, mpaka kikae sawasawa na vioo vya nyuma. Hapo ndipo gundi inatiwa na kukaushwa kwa taa ya UV. Vipande vya plastiki vilivyomwagwa kwenye kalibu haviwezi kufanana hadi mikroni ya mwisho, kwa hiyo kila lenzi inanyooshwa kivyake kabla ya kufungwa. Yale matone ndiyo yaliyokuwa yameshikilia kipimo cha kiwanda, nami niliyafuta kama uchafu. Kioo kilikuwa kizima, hakina mkwaruzo, kisafi kuliko kilivyokuja. Mahali pake ndipo palipopotea.

Mtu aliyezoea kamera kubwa atauliza: si angepunguza tundu tu? Kwa kamera kubwa lenzi iliyopinda kidogo unaweza kuisitiri kwa kupiga f/8. Hapa haiwezekani, na sababu yake inatoka kwenye mwanga wenyewe. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika, na nukta ya mwanga haiwezi kuwa ndogo kuliko diski fulani ambayo kipenyo chake unakipata kwa kuzidisha 2.44, urefu wa wimbi la mwanga na namba ya f. Kwa mwanga wa kijani, f/2.7 inakupa diski ya mikroni 3.6. f/8 inakupa karibu mikroni 11, yaani nukta saba za kihisi hiki kwa mpigo. Picha nzima ingefifia kabla kushoto hakujapona. Ndiyo maana kamera nyingi ndogo hazina tundu la kufungafunga kabisa. Jua likizidi zinashusha kichujio cha kijivu mbele ya mwanga. Mhandisi wa lenzi hizi hana akiba ya kufichia makosa.

Na vioo ni vichache. Ukitaka zumu mara tano ndani ya mwili mwembamba, kila kioo kinalazimika kuupinda mwanga kwa nguvu, na baadhi yake vina sura isiyo ya duara kamili, iliyokandamizwa kwa kalibu vikiwa vya moto. Kioo kinachopinda mwanga kwa nguvu kinaadhibu kwa nguvu pia kikihama. Programu ya kamera nayo ina mipaka. Picha pana ya lenzi hii kiasili ina mistari iliyovimba kama pipa, na kamera inainyoosha kwa hesabu kabla haijaihifadhi. Lakini hesabu hiyo inaamini kwamba lenzi imenyooka, na inarekebisha kushoto na kulia kwa kiasi kimoja. Haijui habari za wembe wangu.

Kurekebisha kulinichukua jioni mbili.

Jirani yangu anatengeneza vioo vya simu. Nilimwomba gundi yake ya UV na kile kitaa chake cha zambarau. "Kaka, tumia hata supagluu," akanishauri kwa nia njema. Nikakataa, na wenzangu nawasihi mkatae: mvuke wa supagluu unapanda kwenye kioo na kuacha utando mweupe ambao kuuondoa ni kazi mpya. Nikakwangua matone yangu, safari hii nikiwa nimefunika kioo kwa karatasi laini. Kamera juu ya stendi, lenzi imetoka yote, nukta ya mwanga mwisho wa korido, televisheni pembeni. Nilichonga vijiti viwili vya meno vikawa bapa, nikaanza kusukuma ukingo wa kioo.

Msukumo ambao mkono hauusikii ulitosha kuuzungusha mkia kwenye televisheni, kama mshale wa saa. Ukizidisha kidogo unatokeza upande wa pili. Feni ikawa inatikisa meza, nikaizima. Nilishusha pumzi kabla ya kila mguso. Kama baada ya saa moja na nusu mkia ulijikunja, nukta ikawa yai, kisha ikakaribia duara. Nikatia tone la kwanza, nikamulika kwa kitaa, nikageuka kutazama. Mkia umerudi.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria: gundi ya UV ikikauka inanywea, na ikinywea inavuta. Tone moja upande mmoja linakivuta kioo upande wake. Nikaanza upya. Jioni ya pili niliyatia matone yote matatu yakiwa mabichi, nikasukuma kioo mpaka nukta ikakaa, halafu nikamulika kila tone sekunde mbili mbili kwa kuzunguka, la kwanza, la pili, la tatu, tena la kwanza, nikitazama televisheni kila mzunguko, mpaka yote yakashika. Nukta ilibaki duara, yenye uvimbe mdogo upande wa juu. Nikaiacha hivyo. Naamini ningeendelea kuigusa ningeiharibu.

Nikarudi kwenye kurasa za gazeti. Safu ya kushoto inasomeka mpaka matangazo madogo. Kona ya chini kushoto imebaki laini kidogo kuliko ya kulia. Si kamera iliyotoka kiwandani, na sikutaka kumwambia mteja vinginevyo.

Jumamosi alipokuja nilimweleza yote, pamoja na wembe. Nilimrudishia hela ya matengenezo ya kwanza. Alinyamaza kwa muda, akaiangalia kamera, akaniuliza kama kuna programu ya kuinoa ile picha ya ukumbini. Nilikuwa nimekwisha kujaribu. Programu ilimpa bibi mikunjo na macho ambayo si yake, ikamfanya mtu mwingine. Nikamwonyesha, akatikisa kichwa. "Bibi bado yupo Mbagala kwa mwanawe," akasema. "Anaondoka Jumatatu." Akaweka betri, akatoka.

Jioni ile alinitumia picha moja kwa WhatsApp, akaituma kama faili ili isibanwe. Bibi amekaa kwenye mkeka, barazani, na yule dada amempanga kushoto kabisa, karibu na ukingo. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza. Nyuzi za kilemba zinahesabika, na mwanga wa mlango umo ndani ya macho yake yote mawili. Magotini ametandaza kanga, pindo lake limeangukia pembe ya chini. Jina la kanga linasomeka lote isipokuwa herufi mbili za mwanzo, ambazo bado zimelainika kidogo.